Je, mgeni anaweza kupiga kura? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki ya kura kwa wahamiaji

Maswali haya nimeyaokota Arusha na Moshi, kwenye vikao vya elimu ya uraia ninavyosaidia kuendesha. Mengi hayaulizwi kikaoni. Yanaulizwa watu wakishasimama, vikombe vya chai mkononi, mtu anakuvuta pembeni na kuanza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, samahani, mke wangu ni wa Taveta, Kenya..." Nimeyaandika karibu kama yalivyoulizwa. Pale ninapotoa maoni yangu, nitasema ni yangu.

Kwani kuna nchi inayomruhusu asiye raia kupiga kura?

Zipo, tena nyingi kuliko tunavyodhani. Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna kura ya mahali unapoishi, yaani ya manispaa, halmashauri, wilaya au mkoa. Halafu kuna kura ya taifa, ya kumchagua mbunge na rais. Nchi nyingi zilizofungua mlango zimefungua ule wa kwanza tu. Chache zimefungua yote miwili.

Karibu zote huweka sharti la muda wa kuishi nchini kihalali: mwaka 1, miaka 3, miaka 5, na mahali pengine miaka 15. Mtalii aliyeshuka juzi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenda kupanda mlima hahusiki hapa. Tunayemzungumzia ni mtu aliyepanga nyumba au kujenga, anayefanya kazi, ambaye watoto wake wanasoma shule ya jirani, lakini pasipoti yake ni ya nchi nyingine.

"Mwanangu yuko Coventry. Amenipigia simu anasema kapiga kura ya Wazungu. Hajavunja sheria?"

Swali hili aliniuliza mama mmoja wa Marangu, tukiwa Moshi. Alinionyesha simu yake, picha ya kadi ya mpiga kura ambayo binti yake aliletewa kwa posta mpaka mlangoni, ina jina lake kamili, ukoo na yote. Mama alikuwa na hofu ya kweli. Alidhani mtoto amedanganya mahali kwamba ni Mwingereza.

Hajavunja sheria yoyote. Uingereza inamruhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, akiwa anaishi kule kihalali na ametimiza umri, kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi zote, ukiwemo wa Bunge. Tanganyika iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 1961, kwa hiyo Mtanzania yumo. Raia wa Ireland nao wamo. Mjapani au Mbrazili aliyepanga chumba kinachofuata hayumo, hata kama amekaa miaka 10 zaidi yake.

Mzizi wake ni dola la kikoloni. Zamani watu wa makoloni ya Uingereza walihesabiwa kuwa chini ya Mfalme mmoja, na sheria ya kura haikuwabagua kwa nchi walikotoka. Dola likavunjika, nchi zikapata uhuru, kipengele cha kura kikabaki, na sheria yao ya uchaguzi ya 1983 ikakihifadhi. Mwaka 2020 na 2021 Scotland na Wales zikapiga hatua nyingine: katika chaguzi za mabunge yao na za halmashauri, mgeni wa nchi yoyote anayeishi kihalali anapiga kura, awe wa Jumuiya ya Madola au asiwe.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo lililoniuma mpaka leo: "Sasa mbona hapa kwao hawezi kupiga?" Nimelijibu huko chini.

Ni nchi zipi zinamruhusu mgeni kupiga kura ya taifa?

Inayotajwa sana ni New Zealand. Tangu 1975, mwenye haki ya kuishi huko kwa kudumu anapiga kura ya Bunge akishakaa mwaka mmoja mfululizo, bila kujali alikotoka. Kugombea ubunge ndiko kulikobaki kwa raia peke yao.

Amerika ya Kusini inashangaza wengi. Katiba ya Uruguay inampa kura mgeni mwenye mwenendo mzuri na familia, ambaye ana shughuli au mali nchini na ameishi huko angalau miaka 15, tena bila kumtaka achukue uraia. Chile, katika Katiba yake ya 1980, iliweka miaka 5. Ekuado nayo ikaandika miaka 5 katika Katiba ya 2008.

Lakini mfano ninaoupenda kuutaja hauko mbali, ni Malawi, tunayopakana nayo kule Kyela. Katiba yake ya 1994 inasema mpiga kura ni raia wa Malawi, au asiye raia ambaye amekuwa akiishi nchini humo kwa miaka 7. Watu wakisikia haki hii hufikiri ni anasa ya nchi tajiri zenye treni za umeme. Malawi si tajiri, na ilipokuwa inatoka kwenye chama kimoja na kuandika upya mkataba wake na wananchi, ikaona anayeishi nao miaka 7 ana neno la kusema.

Na kura ya mahali unapoishi?

Hapa orodha ni ndefu, nitataja wachache. Ireland ilianza mwaka 1963. Sweden ilitunga sheria 1975 na wageni wakapiga kura ya kwanza 1976, sharti likiwa miaka 3 ya ukaazi. Denmark, Norway na Finland zilifuata kwa hatua. Uholanzi ilirekebisha Katiba 1983 na wageni waliokaa miaka 5 wakapiga kura za manispaa 1986. Ubelgiji ilichelewa kwa mabishano makali mpaka 2004. Korea Kusini ilikuwa ya kwanza Asia, kwa sheria ya 2005 na uchaguzi wa 2006.

Usiwasahau Waswisi: jimbo la Neuchâtel liliwaruhusu wageni kwenye kura za manispaa mwaka 1849. Jambo lenye umri huo haliwezi kuitwa la kisasa.

Kwa nini nchi ifanye hivyo? Inapata nini?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake haliko moja. Wapo wanaosema ni huruma. Si huruma. Kila nchi ilikuwa na sababu yake, na mara nyingi sababu ilikuwa nyumbani kwake.

Sweden ilikuwa na viwanda na haikuwa na watu wa kutosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja Wafini, Wayugoslavia, Wagiriki, Waturuki. Walidhaniwa watafanya kazi wachume warudi. Hawakurudi. Walioa, wakazaa, watoto wakaingia shule za Kiswidi. Kufikia miaka ya 1970 kulikuwa na miji ambayo sehemu kubwa ya wafanyakazi wake hawakuwa na sauti hata juu ya bustani ya watoto wao. Halmashauri inayoamua shule, nyumba za kupanga na mabasi ilikuwa inachaguliwa na sehemu tu ya watu wanaozitumia. Serikali ikaona hatari iliyopo: tabaka la watu wanaotii sheria wasizoshiriki, kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana walianzia halmashauri, kwa sababu maamuzi yake yanamgusa mtu kila siku bila kumuuliza pasipoti.

Sababu ya pili ni ujirani. Denmark, Norway na Finland zilianza kwa kuwapa kura majirani zao wa Nordiki, yaani nchi za kaskazini mwa Ulaya, kisha zikaona haieleweki kumpa Mnorwei anayeishi Copenhagen kura na kumnyima Mturuki wa mlango wa pili aliyekaa miaka mingi zaidi. Umoja wa Ulaya ulifuata njia ya ujirani huo huo. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ulimpa raia wa nchi mwanachama anayeishi nchi nyingine mwanachama haki ya kupiga kura na kugombea katika uchaguzi wa manispaa na wa Bunge la Ulaya. Nia ilikuwa kuufanya umoja uonekane mtaani, badala ya kubaki kwenye makaratasi ya mawaziri.

Ya tatu ni nipe nikupe. Katiba ya Hispania inaruhusu kura ya manispaa kwa wageni ambao nchi zao zinawaruhusu Wahispania. Ureno na Kepuvede zinapeana hivyo hivyo. Ireland mwaka 1984 ilibadili Katiba kwa kura ya maoni ili Waingereza wanaoishi huko wapige kura ya Bunge, maana Waairishi walikuwa wakipiga kura Uingereza tangu zamani. Kisa cha Korea Kusini kinanigusa zaidi. Japani ina Wakorea ambao babu zao walifika huko enzi za ukoloni wa Kijapani, na mpaka leo wengi hawana uraia wa Japani wala kura. Seoul ilifungua mlango wake kwa wageni, sehemu ya hesabu ikiwa kuishawishi Tokyo nayo ifungue wake. Tokyo haikufungua. Lakini Wachina wenye pasipoti za Taiwan waliokuwa wameishi Korea vizazi na vizazi wakajikuta, kwa mara ya kwanza, wana karatasi ya kura mkononi.

Ya nne ni kuvuta watu. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na ardhi na haikuwa na wakulima. Jimbo la Wisconsin lilipoandika Katiba yake 1848 lilimpa kura mgeni mwanamume Mzungu aliyetangaza nia ya kuwa raia, hata kabla hajawa. Majimbo mengine yakaiga, kwa sababu mhamiaji akichagua pa kushukia na familia yake, kura ilikuwa sehemu ya chambo.

Na ya tano, tuseme ukweli, ni hesabu za vyama. Chama kinachodhani wageni watakipigia kura hukumbuka haki zao haraka. Kinachodhani watampigia mwenzake hukumbuka usalama wa taifa. Hilo haliifanyi haki yenyewe kuwa mbaya. Linaeleza tu kwa nini muswada hulala kabatini miaka 20 kisha ukapita wiki moja.

Je, sababu si kodi? Nikilipa kodi nina haki ya kura?

Watu wengi hulileta hili, hasa wafanyabiashara. Nawaomba waliangalie mara mbili. Ukisema kura inanunuliwa kwa kodi, umemnyima bibi yako wa kijijini asiye na biashara, na mwanafunzi wa chuo, na umemzidishia kura mwenye hoteli tatu.

Sisi tunaijua njia hiyo, tulishapita. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa. Wazawa walio wengi wakabaki nje ya mlango wa nyumba yao. Hoja yenye nguvu kuliko kodi ni hii: sheria zinakutawala, maamuzi yanakuangukia, huna pengine unapoishi. Anayetawaliwa aulizwe.

Kisheria inafanyikaje? Ni kubadili neno moja tu?

Mara nyingine ni kweli neno moja. Waholanzi walirekebisha Katiba kwanza, ndipo sheria ya kawaida ikafuata. Kwa Waswidi sheria ya Bunge ilitosha. Katika nchi ambazo Katiba inasema "raia" palepale penye kifungu cha kura, huwezi kupita bila kuigusa Katiba.

Ujerumani ilijifunza kwa njia ngumu. Mwaka 1989 jimbo la Schleswig-Holstein lilitunga sheria ya kuwapa kura za mitaa raia wa nchi sita za Ulaya, na Hamburg nayo ikatunga yake kwa wageni. Tarehe 31 Oktoba 1990 Mahakama ya Katiba ikazifuta zote mbili: mamlaka yanatoka kwa umma, na umma kwa Katiba ya Ujerumani ni Wajerumani. Lakini mahakama hiyo hiyo ikasema jambo ambalo wengi hawalinukuu, kwamba kama tatizo ni watu kuishi nchini miaka mingi bila sauti, dawa iko kwenye sheria ya uraia. Baada ya mabishano ya karibu miaka 10 sheria ya uraia ikabadilika, na kuanzia 2000 mtoto anayezaliwa Ujerumani na wazazi wageni waliokaa muda wa kutosha anazaliwa Mjerumani.

Kwa hiyo njia ni mbili: kumpa mgeni kura, au kumfupishia mgeni safari ya kuwa raia. Nchi iliyofunga zote mbili ndiyo yenye shida.

Nani amekataa waziwazi?

Luxembourg, mwaka 2015. Karibu nusu ya wakazi wake ni wageni, na serikali iliwauliza raia kama wageni waliokaa miaka 10 wapige kura ya Bunge. Karibu asilimia 80 wakasema hapana. Austria, mahakama ilifuta sheria ya jiji la Vienna mwaka 2004. Jiji la New York lilipitisha sheria yake 2021, mahakama za jimbo zikaitupa.

Haki hii ikishatolewa inaweza kunyang'anywa?

Inaweza, na imeshatokea. Marekani niliyoitaja iliirudisha nyuma jimbo baada ya jimbo. Hofu ya wageni ilipanda, Vita Kuu ya Kwanza ikawafanya Wajerumani wa Marekani kutazamwa kwa jicho baya, na Arkansas, la mwisho, likafunga mlango mwaka 1926. Leo ni miji michache tu, kama Takoma Park huko Maryland tangu 1992. San Francisco walipitisha 2016 kwamba mzazi asiye raia apige kura ya bodi ya shule. Hilo la bodi ya shule naliona zuri mno: mtoto wako yumo darasani, wewe una neno.

Estonia ni mfano wa juzi. Wakazi wa kudumu wasio raia, wengi wao wenye asili ya Urusi, walikuwa wakipiga kura za mitaa tangu miaka ya 1990. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, hofu ikashinda. Machi 2025 Bunge likabadili Katiba na kuwaondoa raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya, wakiwemo wa Urusi na Belarusi. Siilaumu Estonia kwa kuogopa jirani yake. Namfikiria bibi wa Tallinn aliyepiga kura ya mtaa wake miaka 30, ambaye hakufanya kosa lolote.

Wageni hawatauza nchi?

Hofu hii naiheshimu, haistahili kuchekwa. Angalia lakini nchi zilivyojilinda. Muda wa ukaazi unawachuja wapita njia. Mahali pengine kugombea kunabaki kwa raia. Na kura nyingi zinahusu taka, maji, shule na barabara za ndani; jeshi na mipaka haviamuliwi kwenye kikao cha manispaa.

Kilichotokea Sweden nacho kinafundisha. Mwaka 1976 kiasi cha asilimia 60 ya wageni wenye haki walijitokeza. Kufikia 2002 walikuwa wamebaki kiasi cha asilimia 35. Waliotabiriwa kuja kuiteka nchi kumbe walikuwa hawaji hata kituoni. Tatizo halisi likawa namna ya kuwavuta washiriki.

Tanzania je?

Katiba yetu, ibara ya 5, inasema kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Neno ni "raia". Ni hivyo kwa rais, mbunge na diwani, na ni hivyo pia kwa mwenyekiti wa mtaa, kijiji na kitongoji. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao mahakama yake iko hapa hapa Arusha, nao katika ibara ya 13 unamtaja raia. Kwa hiyo nchi yetu haijavunja mkataba wowote kwa kumnyima mgeni kura. Huo ni uamuzi wake, na uamuzi unaweza kujadiliwa.

Tusijione pia kama watu wasiowahi kufikiria jambo hili. Katika uchaguzi ule wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikakubali kushiriki mfumo huo iliouchukia. Huku kwetu, Jimbo la Kaskazini, aliyeingia kwa kiti cha Waasia alikuwa Sophia Mustafa wa Arusha, mama aliyezaliwa India na kukulia Kenya. Akasimama na TANU kudai uhuru wa nchi ambayo hakuzaliwa. Na Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipoletwa na baadhi ya wajumbe wakitaka uraia ufuate rangi, Nyerere alikataa kwa ukali na kuweka uongozi wake rehani. Uraia wetu ulikataa kuwa wa rangi tangu siku ya kwanza.

Kisha kuna Warundi wa 1972. Waliokimbia mauaji mwaka huo walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakazaa. Zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni aliyeuomba, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Mwaka uliofuata wakapanga foleni ya uchaguzi mkuu kama mimi na wewe. Hiyo ndiyo ile njia ya pili niliyoisema, ya kumfanya mgeni kuwa raia, na Tanzania iliifanya kwa ukubwa ambao nchi nyingi tajiri hazijathubutu.

Nasikia hata Mtanzania wa Bara hapigi kura Zanzibar?

Anampigia kura Rais wa Muungano akiwa ameandikishwa. Kura ya Rais wa Zanzibar na Baraza la Wawakilishi ni ya Mzanzibari, na sheria yao imekuwa ikidai pia ukaazi wa miezi 36 mfululizo jimboni. Kwa hiyo wazo la "umekaa wapi na kwa muda gani" si geni kwetu hata kidogo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki si ilishatupa haki ya kuhama? Kura haimo?

Haimo. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ulisainiwa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ikasainiwa hapa hapa Novemba 2009 na kuanza kazi 1 Julai 2010. Inagusa watu kusafiri, kufanya kazi, kufungua biashara na kuishi. Haisemi lolote kuhusu kupiga kura unakoishi. Hata Bunge la Afrika Mashariki, linalokaa hapa mjini, wabunge wake huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, 9 kila nchi.

Ulaya walianza na soko, wakafika kwenye kura ya manispaa mwaka 1992, miaka 35 baada ya Mkataba wa Roma. Sisi tuna muda. Ila maoni yangu ni kwamba tungeweza kuanza na kidogo kuliko Ulaya: mtaa na kijiji tu, kwa raia wa nchi za Jumuiya waliokaa miaka kadhaa. Mpakani Namanga na Holili watu wanaoana, wananunua mahindi soko moja, wanazikana.

Nimeishi Arusha miaka 20, nina kibali cha ukaazi. Nifanye nini?

La kwanza: usijiandikishe kwenye daftari la wapiga kura, hata kama mtu wa mtaani anakwambia "wewe ni mwenzetu, njoo tu". Ni kosa la jinai, na linaweza kukuharibia kibali na ombi la uraia la baadaye. Nimeshaona mtu mwema akiingizwa matatani kwa ukarimu wa jirani.

La pili: ukitaka uraia wa tajnisi, sheria inataka uwe umeishi nchini miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia uwe umekaa jumla isiyopungua miaka 7. Uwe na tabia njema na ujue Kiswahili au Kiingereza. Ukiwa mtu mzima utalazimika kuukana uraia wako wa awali, maana hatuna uraia pacha. Kwa wengi hapo ndipo moyo unaposita, na siwalaumu. Kumwambia mtu akane alikozikwa baba yake ni kumwambia jambo zito.

La tatu: uliza ubalozi wako. Wakenya wanaoishi Tanzania walimpigia kura rais wao kutoka huku mwaka 2013. Raia wa Msumbiji wamekuwa wakipiga kura nje, Tanzania ikiwemo, tangu 2004.

Na Watanzania walio nje?

Hili ndilo lile swali la mama wa Marangu. Jibu ni kwamba hatujaweka utaratibu wa kupiga kura ukiwa nje ya nchi. Mtanzania aliye Coventry lazima awe ameandikishwa hapa, na siku ile awe hapa kimwili, kwenye kituo chake. Kwa nauli ya ndege, maana yake hawezi. Ndiyo ikawa kwamba binti yule ana kura kule alikokwenda kutafuta maisha na hana kule kilipozikwa kitovu chake. Mama alitikisa kichwa akairudisha simu kwenye kitenge. Sikuwa na la kumwongezea.

Wewe mwenyewe unaonaje?

Mtaani kwetu kuna fundi wa kuchomelea, Mkenya, mtu wa Kisumu. Alifika Arusha kijana, sasa ana mvi. Amelipia vibali vyake miaka yote. Tulipokuwa na kikao cha mtaro unaofurika kila masika, yeye ndiye aliyesimama na kueleza kwamba maji hayazibwi na taka peke yake, kalavati lenyewe ni dogo, akachora kwa kijiti chini kwenye vumbi mpaka mwenyekiti akainama kuangalia. Alichanga kama sisi. Jina lake liko kwenye kaunta buku la mchango, mstari wa nne.

Naona mtu kama huyu angestahili kura moja, ya mwenyekiti wa mtaa. Rais na mbunge waachwe kwa raia. Anachokichagua ni nani asimamie mtaro ule.

Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, foleni ilishaanza kujipanga alfajiri na kufuli la ofisi likagoma. Ufunguo ulikatikia ndani. Mtu akatumwa mbio, na fundi akaja na grainda yake na waya mrefu begani, ameiacha chai yake mezani. Cheche zikaruka, watu wakarudi nyuma kidogo, kufuli likadondoka. Akausukuma mlango kwa kiganja, akausogeza ukutani ili usijifunge, akaanza kukunja waya wake. Foleni ikaingia ikimpita, kila mmoja akisema, "Asante fundi," naye akijibu, "Karibuni, karibuni."